Ndege wa Bahari pale Mwadingusha

Mwaka mishahara ilipokoma, baba yangu alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha shaba hapa Likasi, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari majuzi tu. Mambo hayakuanguka siku moja. Kwanza posho ya unga ilichelewa. Kisha ikaja nusu. Kisha tukaambiwa tungoje, tukangoja mpaka neno lenyewe likapoteza maana. Ule ulikuwa pia wakati majirani zetu wa upande wa kushoto, watu waliozaliwa Likasi kama sisi, walipofukuzwa kwa sababu ya asili ya wazee wao. Walikaa stesheni majuma kwa majuma wakisubiri treni ya Kasai. Mama aliwapelekea chakula mara tatu. Mara ya nne hakuwakuta.

Baba alijaribu kwenda kuchimba madini kule Kamatanda pamoja na wengine. Alirudi siku ya tatu mgongo umemkatika, akajilaza chumbani, akageukia ukuta. Hakuwa mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Alikuwa mtu aliyezoea king'ora cha kiwanda kimwamshe, kimrudishe nyumbani, kimwambie kuwa leo ni Jumapili, na sasa king'ora kilikuwa kimenyamaza.

Mama alikuwa akikaanga mikate ya mafuta na kuiuza mbele ya nyumba. Asubuhi moja aliweka kijiko chini, akaingia chumbani, akasema:

"Mutaenda ku Mwadingusha, kwa yaya yangu. Weye na mutoto. Kule kuko samaki. Minye nitabaki hapa na badogo yake na mikate yangu, mutakuwa munanituma samaki, nauzisha."

Baba alijibu akiwa bado ameangalia ukuta. "Minye niende kukula kwa ndugu ya bibi yangu?"

"Ni muzuri kukula kwa ndugu ya bibi kuliko kukosa kukula kwako mwenyewe."

Basi tulipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua samaki, tukakaa juu ya magunia matupu. Baba alivaa koti lake la kazi, lile la bluu, kana kwamba anaenda zamu.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa mvuvi kwenye ziwa lile ambalo bwawa la Mwadingusha limelifanya kwa kuzuia mto Lufira. Aliishi na mkewe ukingoni, katika nyumba ya udongo yenye banda la kukaushia samaki. Walitupokea vizuri sana. Kila jioni mke wa mjomba alitutilia bukari, yaani ugali, wa moto na samaki, akatuhimiza tule. Mimi nilipata kazi siku ya pili: kupasua samaki, kuosha, kupanga juu ya vichanja, kulinda moshi usigeuke moto. Baba hakupata kazi. Mjomba alimchukua mtumbwini mara moja tu, baba akatapika tangu kutoka mpaka kurudi. Hakuchukuliwa tena. Tangu hapo alikaa juu ya gogo karibu na maji, koti mwilini, mikono kati ya magoti.

Mke wa mjomba aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, papa yako anasemaka kweli?"

Nilimwambia zamani alikuwa anasema sana.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Maji ya ziwa yalikuwa yamerudi nyuma, yakaacha uwanja mpana wa matope unaong'aa. Na juu ya matope yale, kila asubuhi, niliona ndege ambao jana hawakuwapo. Mwanzoni walikuwa wachache, vitwitwi wadogo wa kahawia wanaokimbia kama wamechelewa. Juma lililofuata walikuwa mamia. Wakaja wengine wenye miguu mirefu myekundu kama nyasi zilizochovywa rangi, wakaja bata wa kila namna, wakashuka makundi kwa makundi maji yakabadilika rangi. Mjomba alisema hivyo ndivyo kila mwaka: mvua ikikaribia, ndege wanakuja kutoka kaskazini, mbali asikokujua mtu, na mvua ikiisha wanaondoka. Alisema hivyo huku akishona wavu, bila kuinua macho. Kwake walikuwa kama mawingu.

Siku moja nilimpelekea baba uji pale kwenye gogo. Alikuwa anamtazama korongo mmoja wa kijivu aliyesimama peke yake ndani ya maji, shingo ndani ya mabega. Nikaweka bakuli. Baba hakuligusa. Alisema, polepole:

"Angalia ule. Tangu asubuhi anasimama tu. Hafanye kazi, hasemi na muntu. Lakini samaki ikipita, wa kwanza kukula ni yeye." Akanigeukia. "Ule njo contremaître."

Contremaître ni msimamizi wa kazi kiwandani, na wa kwake baba nilimfahamu, mtu mrefu mwenye koti la kijivu ambaye husimama nyuma ya mafundi mikono mgongoni. Nilicheka hadi uji ukamwagika. Baba naye akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka mpya.

Tangu siku ile ndege wote walipata kazi. Yule kitwitwi anayetikisa mkia na kichwa bila kupumzika akawa pointeur, karani wa mlangoni anayehesabu nani amefika. Bata wa mluzi, ambao jua likizama ndipo waliruka kwenda kula, wakawa zamu ya usiku. Membe wale wadogo weupe wanaoning'inia hewani juu ya maji na kuchovya mdomo ghafla, akawaita mafundi wa umeme, kwa sababu, alisema, hao ndio wanafanya kazi ya kweli na hakuna anayewaona. Asubuhi kabla ya kuwasha moshi nilitembea naye ukingoni. Aliniuliza wapi walikuwa jana, wangapi wamehama, nani amehamia kwa nani. Hakuwa na darubini wala kitabu. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutafuta waya mmoja uliokatika kati ya waya mia.

Na macho yale yakaleta faida. Baada ya majuma kama mawili alimwambia mjomba:

"Shemeki, mafundi yangu banashuka sana pa ile kona ya matete. Jana pia. Nazani samaki ya kidogo iko pale, na ile ya mukubwa inaifwata."

Mjomba alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyesema. Lakini siku ile nyavu hazikuwa zimeshika kitu, basi akaenda kwenye kona ya matete. Alirudi mtumbwi umejaa samaki, maji karibu yafike ukingo wake. Hakusema asante mbele ya watu. Alichagua kambare mmoja mnene, akamweka mbele ya baba juu ya jani. Kesho yake asubuhi, kabla ya kupiga kasia, alisimama kwenye gogo akauliza: "Leo bafundi yako banasema nini?"

Nikimfikiria baba wa siku zile, najua kwamba tulikuwa maskini kuliko wakati wowote wa maisha yetu. Nilikuwa na magauni mawili. Sabuni tulikuwa tunaikata vipande kwa uzi. Lakini nikiona matope yanayong'aa asubuhi, hata leo, hata kama ni matope ya barabarani tu, moyo wangu unachangamka.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo mkali. Ulivuma usiku kucha, ukang'oa paa la banda letu upande mmoja. Asubuhi nilikuwa juu ya ngazi nikifunga nyasi niliposikia baba ananiita kwa sauti ambayo sikuizoea. Nilikimbia. Alikuwa amesimama wima, mkono umenyooka.

Pale wanawake wanapooshea samaki, juu ya jiwe, alikuwa amesimama ndege mkubwa ambaye hatukuwa tumemwona bado pale. Kichwa cheupe, kifua cheupe kabisa, mgongo wa rangi ya ubao wa shule. Mdomo wa manjano, mnene, wenye alama nyekundu kama tone la damu. Alikuwa anatutazama bila woga, kwa jicho la mtu mwenye nyumba.

"Ule ni ndeke ya bahari," baba alisema.

Mjomba alikuwa amefika, na wavuvi wengine wawili. Mjomba alicheka. "Bahari? Bahari iko wapi hapa, shemeki?"

"Haiko hapa. Ametoka kule. Minye namuyua, nilimuona ku Lobito."

Sasa lazima niseme habari ya Lobito. Baba alipokuwa kijana, kabla ya kuoa, alifanya kazi ya kusindikiza mabehewa ya shaba mpaka bandari ya Lobito, Angola, ambako reli inaishia baharini. Alikaa kule siku nne. Baadaye vita vikafunga ile njia, na hakuna mtu wa mtaa wetu aliyeweza kwenda kuhakikisha. Baba alitusimulia sisi watoto jinsi maji yanavyoinuka na kuanguka yenyewe, jinsi yalivyo na chumvi, na jinsi ndege weupe wanavyozunguka meli wakilia. Alituigia kile kilio: alirudisha kichwa nyuma, akafungua mdomo, akatoa sauti ya kukwaruza, ndefu, kisha fupi fupi zinazofuatana kwa haraka kama mtu anayecheka kwa hasira. Sisi tuliipenda sana. Mama aliichukia. Alisema huyo ni mbuzi anachinjwa, si ndege. Na kwa kuwa baba alipenda kuongeza chumvi katika mambo mengine, mama aliamini Lobito yote ilikuwa imetengenezwa. Wageni wakija, alisema kwa utani, "Mungoje, ataanza bahari yake." Utani ule ulidumu miaka ishirini. Baba alikuwa anacheka pamoja na wageni. Sikuwahi kujiuliza kama ulimwuma.

Pale ukingoni, mmoja wa wavuvi alisema, "Muzee, toka bahari mpaka hapa ni siku ngapi ya treni?"

"Siku nyingi. Lakini ndeke hana lazima ya treni."

Walicheka, si kwa ubaya, wakaenda kwenye mitumbwi yao. Baba hakucheka. Alinishika bega.

"Lori inapita leo?"

"Inapita."

"Enda ku Likasi. Ulete mama yako."

"Papa, ju ya ndeke?"

"Ulete mama yako," akasema tena, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Nilifika Likasi jioni na kapu la samaki. Mama alinikumbatia, akapokea samaki, akawanusa mmoja mmoja. Nilipomweleza kilichonileta, aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Niache mikate yangu, nipande lori, nifwate ndeke?"

"Papa njo alisema."

"Papa yako amesema mambo mingi mu hii maisha."

Nilikuwa nimechoka. Nilimwambia tu yaliyokuwa yanatokea kule: kwamba anacheka, kwamba korongo ni contremaître, kwamba mjomba hawezi kutupa wavu bila kumwuliza. Niliposema contremaître mama alitabasamu, kisha akafunika uso kwa kanga, nikaona mabega yanatikisika. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia.

"Toka mwaka uanze hajanisemesha kitu," alisema. "Hata neno moja ya mupya."

Alfajiri alikaanga mikate ya mwisho wa unga wake wote, akaifunga ndani ya beseni, akamwachia jirani ufunguo na wadogo zangu. Tuliondoka na lori lile lile.

Ndege hakuwapo. Tulishuka, mama akanyoosha kiuno, tukaenda moja kwa moja kwenye jiwe la kuoshea samaki. Jiwe lilikuwa tupu. Baba alikuwa amekaa karibu nalo tangu nilipoondoka. Mke wa mjomba alikuwa anampelekea chakula pale. Baba aliposikia sauti ya mama aliinuka, akavua kofia, akasimama kama kijana aliyekuja kuposa na mikono mitupu.

"Alikuwa hapa mpaka jana mangaribi," alisema.

Mama angeweza kusema mengi. Mdomo wake nilikuwa naujua. Alitazama gogo, akatazama koti la bluu lililojaa matope, akafungua beseni. "Kula kwanza," akasema. Akakaa kando yake.

Walikaa pale mchana wote. Mimi nilirudi kwenye moshi wangu, lakini kila mara nilichungulia. Baba alimwonyesha pointeur, akamwonyesha mafundi wake wa umeme. Mama alikuwa hatazami sana ndege. Alikuwa anamtazama yeye anavyosema.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, mitumbwi ilirudi na wanawake wakaanza kupasua samaki. Walitupa matumbo majini kama kawaida, na mwewe wakashuka kugombea. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake, kisu mkononi, amefunga kitenge juu ya magoti, kwa sababu mama hakuweza kukaa akitazama wengine wakifanya kazi. Ndipo yule ndege akatokea juu ya maji, chini chini, mabawa marefu bila kupiga. Alitua katikati ya mwewe kana kwamba hawako. Mwewe mmoja alimrukia. Yule ndege aliinama, akarudisha kichwa nyuma, akafungua mdomo wa manjano, akalia.

Sauti ya kukwaruza, ndefu. Kisha fupi fupi, zinazofuatana kwa haraka, kama mtu anayecheka kwa hasira.

Kisu kilimwanguka mama. Alisimama, matumbo ya samaki yakining'inia vidoleni, akageuka kumtafuta baba. Baba alikuwa nyuma ya wanawake, hakusogea, hakunyoosha kidole.

"Ni ule," mama akasema. "Ni ile sauti yako ya mbuzi."

"Ni yeye," baba akasema.

"Basi ulienda kweli."

"Nilienda."

Wanawake wengine hawakuelewa kitu, wakawa wanaulizana kama kuna msiba. Mama alipita kati yao mpaka alipokuwa mbele ya baba. Hakuwa mtu wa kuomba msamaha. Nyumbani kwetu msamaha ulikuja kama kipande cha nyama kilichoongezwa kwenye sahani. Lakini siku ile, mbele ya kaka yake na wavuvi wote, alisema kwa sauti ya kusikika:

"Myaka makumi mbili nilikuita mwongo. Unisamehe, baba."

Baba alimjibu, "Hata minye nilikuwa nimeanza kuwaza kama niliota."

Mjomba alikohoa, akaenda kufunga mtumbwi ambao ulikuwa umekwisha kufungwa.

Mama alikaa siku nne. Jioni, tukiwa tumemaliza kula, alimwambia baba asimulie Lobito tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza akamwuliza maswali. Yale maji yanaishia wapi? Watu wa kule wanakunywa nini kama yote ni chumvi? Ulilala wapi? Ulikula nini? Kulikuwa na wanawake? Kwa swali la mwisho baba alicheka akakataa kujibu, na mama akampiga kofi la begani. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia, na nilikuwa mkubwa kiasi cha kutosha kujua kwamba ninasikia kitu kizuri, na kwamba sipaswi kujigeuza kitandani.

Ndege yule alibaki majuma kama matatu. Wavuvi walimzoea, watoto wakampigia kelele. Asubuhi moja hakuonekana, na baba hakuhuzunika kama nilivyoogopa. Alisema ana njia yake. Korongo weupe walikuwa wameanza kufika wakati ule, mamia, wakizunguka juu sana kama majivu juu ya moto, na alikuwa na wafanyakazi wapya wa kuandikisha. Miaka mingi baadaye nilisafiri, nikamwona tena ndege wa namna ile juu ya soko la samaki Mombasa. Niliuliza jina. Muuzaji mmoja aliniambia, bila kunitazama, "Huyo? Shakwe." Nilisimama nikitabasamu peke yangu, kwa sababu baba alikuwa amemwita "ule" siku zote, na ilikuwa inatosha.

Kiwanda hakikumwita tena. Waliitwa wachache, yeye hakuwamo. Biashara ya samaki ndiyo iliyotulisha: mimi na lori, mama na meza yake sokoni Likasi. Wadogo zangu walirudi shule. Kila mvua zilipokaribia baba alivaa koti lake na kwenda kwa mjomba, akakaa mpaka ndege waondoke. Alifanya hivyo misimu sita. Msimu wa saba alikuwa amekwisha kufariki, hapa Likasi, kwa homa iliyomchukua kwa siku tano.

Mwaka uliofuata mama aliniambia nimpeleke Mwadingusha. Nilidhani anataka kukaa kwenye gogo, nikabeba hata shuka la kumfunika. Alimsalimu kaka yake, akamwombea baba pamoja nao, akala. Kisha akashuka ukingoni, akawapita ndege wote bila kuwatazama, akaanza kubishana na wavuvi juu ya bei ya kambare. Alibishana vizuri, alikuwa na nguvu bado. Tukarudi na lori la mchana, yeye mbele karibu na dereva, mimi nyuma juu ya magunia ya samaki aliowanunua. Tuliposhuka nyumbani nilimwuliza kama amechoka.

"Hapana," alisema, akifungua gunia la kwanza. "Samaki ya leo iko muzuri. Leta maji."